Ushahidi Uko Wapi, Mama Nyamizi?

Nimestaafu, lakini kidole gumba changu bado kinakwenda kazini. Nikiamka, kabla sijanawa uso, kimeshafungua simu na kushuka ujumbe hadi ujumbe kikitafuta ugomvi wa kuamua. Mume wangu amezoea. Huweka chai mezani na kusema, "Mama Kulwa, kundi si lako tena." Kweli si langu. Mlinipa kitenge na saa ya ukutani, tukapiga picha, na mchana wa siku hiyohiyo mkaniondoa kwenye usimamizi. Haya nawaandikia ninyi mliobaki pale redioni Kahama, mnaoendesha kipindi cha mijadala na kundi lake la mtandaoni. Nikikaa bure nitawapigia simu kila asubuhi, na hilo mtalichoka upesi.

Habari za vyeo hamtazikuta humu. Nilikuwa na vyeo viwili vitatu, vyote katika chumba kilekile, kilichobadilika ni karatasi ya mlangoni.

Siku ya kwanza niliingia pale nikidhani nitasoma habari. Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo kuondoa Kisukuma kwenye ulimi wangu, nikitenganisha "l" na "r" kama mtu anayechambua mchele. Nikakabidhiwa simu ya mezani. Mkuu wa vipindi alikuwa Bwana Hasnain, mtoto wa familia ya Kihindi yenye duka la vipuri vya baiskeli karibu na soko, ambaye Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu na wala hakukificha.

"Utapokea wapigaji," akaniambia. "Kabla hujampeleka mtu hewani, mrudishie alichokuambia. Akikubali kwamba ndicho alichosema, mpitishe. Akikataa, bado hujamsikia."

Nikaona kazi ya kitoto. Mpigaji wa kwanza alikuwa mkulima wa Kishapu, mzee kwa sauti, anayelalamika kwamba mbegu za pamba hazijaota.

"Kwa hiyo baba, unasema waliozileta ni matapeli," nikamrudishia.

"Ee, mama! Nimesema mbegu. Mtu sijamtaja!"

Bwana Hasnain alicheka mpaka akavua miwani. "Umeshamtengenezea ugomvi," akasema, "na hewani hajafika."

Baadaye, miaka mingi baadaye, nilikuja kuambiwa kwamba kosa hilo lina jina kubwa, na kwamba huchorwa kama sanamu la majani linalowekwa shambani kutisha ndege. Kwetu halikuwa na jina. Lilikuwa kazi mbovu, na ulirudishwa kwenye simu ukaifanye upya.

Nilipohamishwa kutoka kwenye simu na kuwekwa kwenye kipaza sauti, nilikuwa na vifaa viwili tu vya kuaminika. Kimoja ni visikilizio vilivyofungwa gundi ya karatasi upande wa kushoto. Cha pili ni kitufe chekundu cha kukata mtu anayetukana. Hewani mtu ana kikohozi, ana jogoo nyuma yake, ana mke anayemnong'oneza "acha". Unajua kama anabisha kwa sababu amekasirika, ameumia au amekunywa. Ndiyo maana kundi la mtandaoni lilinichanganya sana lilipoanza. Humo watu walikuja na herufi peke yake: wachimbaji wa Geita, wauza mchele, makarani wa ofisi za Shinyanga, dereva wa bajaji anayeandika akisubiri abiria, na wengine waliojificha nyuma ya picha ya simba. Kitufe chekundu kilikuwepo, lakini ukikibonyeza wanakuuliza umetumwa na nani.

Mwanzoni watu walitukanana kawaida. Halafu mmoja akatuma picha yenye majina ya makosa ya kimantiki, na ndani ya wiki chache kila mtu akawa hakimu. Mtu akiandika kwamba basi la asubuhi limechelewa tena, anajibiwa "unajumlisha". Mama akisema anaogopa mwanawe kushuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, anajibiwa "rufaa ya hofu". Ukimwita mtu mjinga anakurukia: "Adihominemu!" Neno hilo nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani ni dawa ya minyoo; kumbe ni Kilatini cha kumshambulia mtu badala ya hoja yake.

Nilijaribu kufafanua. Ukiniita mjinga, umenitukana, na hilo ni jambo la adabu. Ukisema maneno yangu kuhusu bei ya pamba yasisikilizwe kwa sababu mimi ni mjinga, au ni mwanamke, au nimetoka Kishapu, hapo ndipo umeikimbia hoja. Nikajibiwa kwamba natumia rufaa ya mamlaka, kwa kuwa mimi ni msimamizi.

Hodari wao alikuwa Maduhu, kijana wa Shinyanga mjini aliyemaliza chuo na kusubiri ajira huku akitengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi. Sitaki mumuone vibaya. Alipotokea mtu kundini anayeuza unga wa kuvutia dhahabu, akileta sauti za wateja waliotajirika, Maduhu alimuuliza swali moja tu: "Walionunua wasipate kitu wako wapi? Tuletee na sauti zao." Muuzaji akaondoka kundini mwenyewe. Siku ile nilimpigia simu kumpongeza. Kijana alikuwa na akili kali, na hakuwa na mahali pa kuipeleka. Akaileta kwetu kila siku, kutwa nzima.

Sasa niwaeleze habari ya lambo.

Mama Nyamizi alikuwa mkulima wa mpunga katika kijiji kilicho njia ya kwenda Geita. Juu ya kijiji chao watu walikuwa wameweka mtambo wa kuchenjua marudio, ule mchanga wa dhahabu ambao umekwisha kuoshwa. Huulowesha kwa dawa kali ili utoe kilichobaki. Chini ya mtambo, mteremko mdogo tu, kulikuwa na lambo ambalo kijiji kizima kilichota maji na kunyweshea mifugo. Asubuhi moja akatuma sauti kundini, akihema kama mtu aliyekuwa anakimbia.

"Jamani wa redio, habari zenu. Ng'ombe wa jirani yangu Masanja wameanguka. Wamekunywa pale lambo, wakatetemeka, wakaanguka. Yule mwenye mtambo si mtu wa huku, amekuja kutumaliza. Hata tai waliotua kwenye mizoga wamekufa, nimeambiwa. Msichote yale maji, jamani. Msichote."

Maduhu akajibu kabla sijamaliza kusikiliza.

"Ushahidi uko wapi, Mama Nyamizi? Jambo kutangulia jingine si kulisababisha. Mwenye mtambo ametoka wapi haihusiani na maji. 'Nimeambiwa' si ushahidi. Kutisha watu si hoja. Mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha. Hoja imekufa."

Zikafuata sura za kucheka. Mmoja akaandika, "Imekufa kabla ya ng'ombe wa pili." Wengine wakamwomba Maduhu aanzishe darasa.

Nilisoma jibu lile mara mbili nikitafuta pa kumkamata, sikupata. Kila alichosema, kikiwa peke yake, kilikuwa kweli. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Kisha kijana mmoja wa kijiji kilekile akaandika, "Basi sawa, ngoja nimwambie dada aende kuchota, nguo zinasubiri." Hapo nikaelewa kilichokuwa kinanisumbua. Maduhu hakusema maji ni salama. Lakini kundi zima lilikuwa limesikia hivyo: kwa kuwa Mama Nyamizi amejieleza vibaya, basi maji ni mazuri. Hoja mbovu imekufa kweli, na maji yako palepale.

Nikampigia Mama Nyamizi.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma, kama mama yangu.

"Mwangaluka," akaitikia.

Nikafanya nilivyofundishwa. "Unasema mwenye mtambo ametia sumu kwenye lambo."

"Kama ametia mwenyewe, sijui," akasema. "Ng'ombe nimewaona kwa macho yangu. Tai sijawaona."

"Na unataka tufanye nini?"

"Wasichote! Mpaka aje mtu wa kupima. Kisima cha shule kipo, ni mbali lakini kipo. Nimewaambia, wao wananisahihisha kama mtoto wa darasa la tatu. Na ndoo zinapita mlangoni kwangu, mayu, zinapita hivi ninavyoongea."

Kipindi kilikuwa kinaanza. Niliingia hewani nikasema yale aliyoyaona, nikaacha yale aliyoambiwa. Nikasema hatujui maji yale yana nini, na hatujui ng'ombe wameuawa na nini. Nikasema ukitaka kumfunga mtu jela lazima ulete ushahidi mzito, lakini mtu akikuomba uache kisima kimoja ukachote kingine mpaka wapimaji waje, anachokuomba ni miguu yako tu. Kwa jambo la miguu, ng'ombe walioanguka ni ushahidi wa kutosha.

Kundini nikapondwa. Maduhu aliandika kwamba redio imesalimu amri kwa hofu, na kwamba nimeweka mizani mbili. Nikamjibu ndiyo, nimeweka mbili, kwa sababu maswali ni mawili. Hakuridhika. Wakati huohuo mtu wa mtambo akapiga simu ofisini akitaja mwanasheria. Meneja wetu, mtu asiyependa mwanasheria wala lambo, akaja mlangoni.

"Mama Kulwa, nenda ukaone kwa macho, au futa uliyosema."

Nikampigia Maduhu. "Uko tayari asubuhi? Tunapita kukuchukua."

"Kwenda wapi?"

"Kwenye ushahidi."

Njia nzima alibishana nami kutoka kiti cha nyuma, shati limenyooshwa vizuri, simu mkononi. Dereva aliongeza sauti ya muziki mara mbili. Mimi nilikuwa natazama madumu kichwani mwa wanawake tunaowapita, nikijiuliza kila moja limetoka wapi.

Tuliwakuta watu wamekusanyika kwa Masanja, mtu mrefu asiyesema sana, amekaa kwenye kigogo akitazama nira za maksai zilizoegemezwa ukutani. Maksai wenyewe walikuwa miongoni mwa waliokufa. Mke wa mwanawe alikuwa zahanati anatapika tangu usiku uliopita. Alikuwa amechota lambo baada ya watu kusema hoja imekufa. Wengine walisema alikula kiporo. Hakuna aliyejua.

Mama Nyamizi hakuwa nilivyomdhania. Alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi, mkali. Alimsikiliza Maduhu akieleza tena, kwa heshima safari hii, akianza na shikamoo, kwamba hakumaanisha ubaya, alitaka tu watu wafikiri vizuri. Kisha mama yule akaingia ndani na kutoka na kikombe cha plastiki.

"Haya ni ya lambo," akasema. "Nilichota kabla ng'ombe hawajaanguka. Kunywa, mwanangu."

Maduhu akakipokea, nadhani kwa adabu tu, kwa kuwa aliyempa ni mtu mzima.

"Mama, nikinywa nisipoumwa, itathibitisha nini? Na nikiumwa itathibitisha nini? Hili si jaribio."

"Haithibitishi kitu," akasema Mama Nyamizi. "Sikuulizi hilo. Nakuuliza utakunywa au hutakunywa."

Nilikuwa karibu naye. Nilitaka kukipiga kikombe kile kianguke, maana vijana wenye kiburi nimewaona, na wachache wangekunywa ili washinde. Aliangalia kikombe, akamwangalia Masanja, akaangalia kikombe.

"Sinywi," akasema.

"Basi nasi tulikuwa tunasema hivyo," akajibu Mama Nyamizi, akakichukua kikombe chake na kuyamwaga maji nyuma ya choo, mbali na kuku.

Nilidhani kijana atarudi garini. Hakurudi. Alipanda mteremko kuelekea mtamboni, nami nikamfuata nikihema. Huko juu akili yake ilipata kazi. Hakumshutumu mlinzi, hakumtisha. Alimuuliza mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Alimuuliza bwawa la mtambo lilijaa kiasi gani. Kila jibu alimrudishia: "Kwa hiyo unasema maji yalifika hapa?" Mlinzi, mtu wa watu, akasema hapana, yalifika pale, akaonyesha kwa mkono. Akaongeza kwamba ukuta ulitoa maji upande wa chini, wakaziba kwa viroba vya mchanga. Tukaviona viroba. Tukaona na mfereji mdogo uliochimbwa na maji, unashuka moja kwa moja kuelekea lambo.

Maduhu alipiga picha. Kundini akaandika maneno machache: nimeona viroba, nimeona mfereji, mlinzi amesema hivi, tai hakuna aliyewaona, chanzo cha vifo hakijapimwa, lambo msichote. Tukapeleka picha hizo kwa wahusika wa maji na wa mazingira. Walikuja, wakachukua sampuli, wakazungushia lambo miiba na kibao. Majibu yalipotoka, walisema maji hayafai kwa mtu wala mnyama, na mtambo ukasimamishwa mpaka ukuta ujengwe upya. Kuhusu ng'ombe walisema "inawezekana sana", kwa sababu mizoga ilikuwa imeshachomwa. Mkwe wa Masanja alipona. Masanja alilima msimu ule kwa jembe la mkono.

Mngedhani mambo yaliishia hapo kwa amani. Kundi lilimgeukia Maduhu. Wanafunzi wake walewale walimrushia majina yote aliyowafundisha: ameongozwa na huruma, ametishwa, amefuata umati. Alinipigia simu akilalamika kwamba hawakuelewa kabisa hoja yake. Nilimwacha aseme, ingawa nilikuwa na jibu mdomoni.

Na Mama Nyamizi, kwa upande wake, alionja ushindi. Kila kuku aliyekufa kijijini akasema ni mtambo. Kisha akaanza kusema wageni wote wa machimbo wafukuzwe, na wako waliomuunga mkono kwa hasira ya kweli, mpaka nikaogopa mtu atachomewa nyumba. Nilimkata hewani kwa kitufe chekundu. Yeye, ambaye nilisafiri kwa ajili yake. Maduhu ndiye aliyempigia baada ya kipindi, akamuuliza taratibu ni kipi ameona na kipi ameambiwa. Walizungumza muda mrefu. Sijui walisema nini, ila juma lililofuata alirudi hewani akazungumzia kuku wake tu.

Mimi tangu habari ile sikupata tena utulivu kwenye ile kazi. Kila nikiona mtu amemshinda mwenzake kundini, najiuliza ni ndoo ipi imepita mlangoni wakati tunashangilia. Mtu anayejieleza vibaya anaweza kuwa na jambo la kweli mkononi, na mtu asiyekosea hata sentensi moja anaweza kukuacha ukinywa maji mabaya. Dawa ya hilo sina. Nina agizo la Bwana Hasnain la kumrudishia mtu maneno yake, nina swali la Mama Nyamizi, na miguu ambayo siku hizi inauma.

Jumatano iliyopita nilikuwa nasoma kundi lenu, kimya, kama mnavyoniomba. Mzazi mmoja wa mjini hapa aliandika kwamba ukuta wa darasa la mwanawe una ufa unaopanuka, na kwamba jengo litawaangukia watoto. Akajibiwa kwamba huo ni mteremko wa utelezi: leo ufa, kesho jengo, keshokutwa dunia. Wakacheka. Mzazi akaandika tena, kwa hasira, bila mpangilio, akimtukana fundi. Wakamwambia ameshambulia mtu. Nikaandika jibu, nikalifuta. Nikaandika jingine, nikalifuta. Msimamizi wenu mpya akafunga mjadala kwa kukosa ushahidi.

"Chai inapoa," mume wangu akasema.

Nikavaa viatu, nikasimamisha bodaboda, nikataja shule. Mwalimu mkuu alinipokea nje ya ofisi, akanitambua kwa sauti, akasema shikamoo, kisha akauliza kwa wasiwasi kama redio imenituma.

"Marahaba. Hapana, mwanangu, nimestaafu," nikamwambia. "Nionyeshe ukuta."